Lebo Zinazobadilika Rangi, na Jinsi Joto la Mombasa Linavyozihusu

Tarehe ya mwisho wa matumizi huchapishwa kiwandani siku bidhaa inapofungwa, na tangu hapo haibadiliki tena, bidhaa ipatwe na lolote litakalokuwa. Kontena laweza kukaa juani bandarini Kilindini, lori likakwama kwenye foleni ya Changamwe mchana kutwa, mwenye duka akazima friji usiku ili apunguze bili ya umeme, na bado tarehe itasomeka vile vile ilivyosomeka ilipotoka kwenye mtambo. Walioiandika hawakudanganya. Walichosema ni kwamba bidhaa itafika siku hiyo ikiwa bado nzuri iwapo itahifadhiwa kwa masharti yaliyotajwa pembeni kwa herufi ndogo: mahali pakavu, mbali na jua, chini ya nyuzi 25 au 30. Mimi nafanya kazi katika duka la dawa kisiwani, na sharti hilo la herufi ndogo hunishughulisha kuliko tarehe yenyewe, kwa kuwa kuanzia Januari hadi Aprili joto la mchana mjini mwetu hupita nyuzi 30 siku nyingi, na usiku nao haupoi kiasi cha kufidia.

Bibi mmoja ambaye ni mteja wetu wa miaka mingi alilieleza tatizo hili vizuri kuliko nilivyowahi kulisoma popote. Alikuja na chupa ya dawa ya mjukuu wake, akaiweka juu ya kaunta, akaniambia: "Mwanangu, tarehe hapa yasema mwaka ujao, na friji yangu imekufa tangu juzi. Sasa mimi niamini kipi?" Nilimwomba asimpe mtoto dawa ile, naye akakubali, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na njia yoyote pale dukani ya kujua kama ilikuwa imeharibika au la. Nilichagua tu lile lisilo na hatari.

Lebo zinazobadilika rangi zilibuniwa ili kujibu maswali ya namna hiyo bila maabara na bila kipimajoto. Ni vibandiko vidogo, vingine vikubwa kama kucha, ambavyo huanza na rangi moja na kuishia na nyingine muda fulani unapokwisha. Watu wengi wanaozisikia hudhani kwamba zote ni kitu kimoja, yaani aina ya saa ya bei rahisi isiyo na betri. Nadhani hapo ndipo penye kosa la kwanza, kwa sababu kuna mambo mawili tofauti ambayo lebo hizi zinaweza kuulizwa. La kwanza ni muda mtupu: saa ngapi au siku ngapi zimepita tangu jambo fulani lianze. La pili ni muda pamoja na joto: kitu hiki kimekaa kwa muda gani, na katika muda huo kilipata joto kiasi gani. Katika mji wenye baridi mtu anaweza kuyachanganya mambo hayo mawili asipate hasara kubwa. Hapa kwetu hasara huonekana haraka.

Nianze na zile za muda mtupu, ambazo wakazi wa mjini wataziona zaidi kwenye milango ya maofisi. Beji ya mgeni ya aina hii huwa na vipande viwili. Kipande cha chini kina alama zilizochapishwa kwa wino maalumu, na cha juu ni kibandiko cheupe chenye gundi, ambacho mlinzi huandika jina la mgeni juu yake. Vipande vikiwa mbali mbali hakuna kinachotokea. Vikishabandikwa pamoja, wino huanza kuyeyukia ndani ya gundi na kupanda taratibu hadi kwenye uso mweupe, na baada ya muda uliokusudiwa, iwe nusu siku, siku moja, wiki au mwezi, mistari myekundu hujitokeza na kuonyesha kwamba beji imekwisha. Mgeni aliyeondoka nayo mfukoni hawezi kuingia nayo kesho yake.

Wazo lenyewe nalipenda kwa sababu ya desturi yetu ya kuacha kitambulisho langoni. Mtu anayeingia kwenye majengo mengi ya mjini huacha kitambulisho chake cha taifa kwa mlinzi ili apewe kadi ya plastiki, na kitambulisho kile hutiwa kwenye kikasha pamoja na vya wengine, hata akitoka atafutiwe chake kati ya rundo. Kadi ya plastiki inahitaji dhamana kwa kuwa lazima irudishwe. Beji inayojifisha yenyewe haihitaji kurudishwa, kwa hiyo haihitaji dhamana yoyote. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 imetufunza kuuliza nani anashika habari zetu na kwa nini, na kipande cha karatasi chenye wino unaopanda kingepunguza sehemu ya swali hilo kwa gharama ndogo.

Hata hivyo, wino unaopenya kwenye gundi hauhesabu saa. Unachofanya ni kusafiri, na mwendo wake hutegemea joto. Daktari na mwanafiziolojia Mjerumani Adolf Fick alieleza kanuni za usafiri wa namna hii mwaka 1855, na jambo moja linalotokana na kanuni hizo ni kwamba umbali unaopenywa hauongezeki sawia na muda: ili wino ufike mara mbili ya umbali, unahitaji mara nne ya muda. Ndiyo maana mtengenezaji hawezi kupata beji ya wiki kwa kuchukua ile ya siku moja na kuongeza gundi mara saba; kwa hesabu hiyo, mara saba ya umbali ingempa mara 49 ya muda. Jambo la pili ni kwamba molekuli zikipata joto hukimbia zaidi na gundi hulainika, kwa hiyo safari hufupika. Katika jengo moja la ofisi ninalolitembelea kupeleka hati, beji za nusu siku zilikuwa zikitoa wekundu mapema kwa wapakiaji waliokuwa uani kwenye jua, ilhali za wageni waliokaa kwenye vyumba vyenye kiyoyozi zilibaki nyeupe. Walinzi walikuwa wakiwarudisha wapakiaji langoni kama watu waliopitisha muda. Wale wapakiaji hawakuwa wamepitisha chochote isipokuwa joto.

Kwa kazi ya mlangoni, basi, kuhisi joto ni dosari. Suluhisho ni rahisi: jengo litumie beji za muda mrefu kidogo kuliko ule linaouhitaji, na akiba ya vibandiko isiwekwe kwenye kibanda cha mabati cha mlinzi.

Kuna lebo nyingine za muda ambazo hazitumii gundi bali utando wenye vitundu vidogo sana. Kampuni ya Timestrip ya Uingereza ni miongoni mwa zinazozitengeneza. Mtumiaji hubonyeza kijifuko kidogo, kimiminika chenye rangi hutoka na kuanza kutambaa ndani ya utando, kama maji yanavyopanda kwenye leso ambayo ncha yake imechovywa kwenye ndoo, na pembeni pana alama za muda zinazosomeka kimiminika kinapozipita. Lebo hizi huwekwa kwenye vitu ambavyo muda wake huanza siku vinapofunguliwa, si siku vilipotengenezwa: kichujio cha maji, chupa ya sosi jikoni mwa mkahawa, dawa.

Na kwenye dawa ndipo ninapotaka kukaa, kwa kuwa muda wa baada ya kufungua ndio unaosahaulika kuliko mwingine wowote. Dawa nyingi za macho za matone hutakiwa kutupwa wiki nne baada ya chupa kufunguliwa, hata kama nusu yake imebaki na tarehe ya kwenye boksi ni ya miaka miwili ijayo. Sababu yake hasa ni vijidudu vinavyoweza kuingia kila ncha ya chupa inapokaribia jicho. Hapo swali ni la muda zaidi kuliko la joto, na lebo ya kimiminika kinachotambaa ingefaa sana. Kwa sasa sisi huandika tarehe kwa kalamu kwenye boksi, mteja hufika nyumbani akalitupa boksi, akabaki na kichupa kisicho na neno lolote. Nimeletewa vichupa vya matone ambavyo mwenyewe hakumbuki kama alivifungua kabla au baada ya Ramadhani.

Dawa za watoto za unga unaochanganywa na maji ni habari nyingine. Amoksilini yenye klavulaniki, kwa mfano, ikishachanganywa hutakiwa kukaa kwenye friji na kumalizwa ndani ya siku 7 hadi 10, kutegemea mtengenezaji. Hapa lebo ya muda mtupu haitoshi, kwa kuwa siku hizo zimehesabiwa kwa dawa iliyo kwenye ubaridi. Chupa iliyokaa dirishani haina siku hizo. Bibi wa friji iliyokufa alikuwa akiuliza swali la aina hii, nayo beji ya mgeni, ile ile yenye dosari ya kukimbia ikipata joto, ingekuwa karibu zaidi na jibu kuliko saa ya ukutani.

Insulini ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi. Ile ambayo haijafunguliwa huwekwa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikishaanza kutumika, aina nyingi huruhusiwa kukaa nje ya friji kwa takriban siku 28, mradi joto lisipite nyuzi 30. Soma tena sharti hilo ukiwa Mombasa mwezi wa Machi, kwenye nyumba ya ghorofa isiyo na kiyoyozi, chini ya paa la bati, au ndani ya mkoba wa mtu anayepanda matatu kutoka Mtwapa adhuhuri. Wapo wanaotumia mtungi wa udongo wenye maji, nao ni utaratibu mzuri unaojulikana katika nchi nyingi zenye joto, lakini mtungi hupoza kwa njia ya maji yanayovukizwa, na hewa yetu ya pwani ambayo tayari imejaa unyevu huyapunguzia maji nafasi ya kuvukizwa. Mtungi unaofanya kazi nzuri sana katika nchi kavu za bara hapa hupoza kwa kiasi kidogo zaidi. Insulini iliyopungua nguvu kwa joto mara nyingi huonekana safi vile vile machoni. Dalili ya kwanza ni sukari ya mgonjwa kupanda, na mara nyingi mgonjwa hulaumiwa kwamba amekula asichoruhusiwa.

Mfano bora wa lebo ya muda na joto kwa pamoja haumo dukani kwangu bali kwenye kliniki za watoto, na umekuwapo tangu mwaka 1996. Ni kiashiria cha joto cha kichupa cha chanjo (kwa Kiingereza, vaccine vial monitor), ambacho wauguzi wanakiita VVM tu. Ni kiduara cha rangi ya zambarau kilichochapishwa kwenye kichupa cha chanjo, na katikati yake pana mraba mdogo ambao mwanzoni huwa mweupe au wenye rangi hafifu. Kadiri kichupa kinavyopata joto, ndivyo mraba unavyozidi kuiva. Maadamu mraba ni mweupe kuliko duara, chanjo yaweza kutumika, ikiwa tarehe yake haijapita. Mraba ukilingana na duara au ukawa mweusi zaidi, kichupa hutupwa, hata kama tarehe bado. Kiashiria hiki kilianza kuwekwa kwenye chanjo ya matone ya polio, na mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani na UNICEF zikatoa tamko la pamoja la kutaka kitumike kwa chanjo zote. Kilitokana na kazi ya shirika la PATH la Seattle pamoja na kampuni ya New Jersey iliyokuwa ikiitwa LifeLines, ambayo baadaye ilijulikana kama Temptime.

Utendaji wake hauna wino unaosafiri. Ndani ya mraba mna kemikali ya jamii ya daiasetilini, ambayo molekuli zake ndogo hazina rangi. Joto huzifanya ziungane moja baada ya nyingine kuwa minyororo mirefu, na minyororo hiyo ndiyo yenye rangi. Mwendo wa muungano huo huongezeka joto linapoongezeka, sawasawa na mwendo wa kuharibika kwa chanjo yenyewe, na uhusiano wa namna hiyo kati ya joto na mwendo wa kemikali ulielezwa na mwanakemia wa Uswidi Svante Arrhenius mwaka 1889. Ustadi wa waliobuni kiashiria ulikuwa kupata kemikali ambayo huiva kwa mwendo unaofanana na ule ambao chanjo husika hupoteza nguvu, na kwa kuwa chanjo hazifanani, ikabidi viashiria viwe vya madaraja.

Madaraja hayo hupewa majina kwa idadi ya siku ambazo kiashiria hustahimili katika nyuzi 37. VVM2, ya chanjo dhaifu kuliko zote mbele ya joto, yaani ile ya matone ya polio, huisha kwa siku 2 katika nyuzi 37, lakini katika nyuzi 5 hudumu siku 225. VVM7 huisha kwa siku 7 katika nyuzi 37, siku 45 katika nyuzi 25, na zaidi ya miaka miwili katika nyuzi 5. VVM14 huchukua siku 14, 90, na zaidi ya miaka mitatu. VVM30, inayowekwa kwenye chanjo imara kama ya homa ya ini ya aina B, huchukua siku 30, siku 193, na zaidi ya miaka minne. Ukizitazama namba hizo kwa makini utaona kwamba tofauti ya nyuzi 12 tu, kati ya chumba chenye kiyoyozi na chumba chenye joto kali, hugawanya maisha ya kitu mara sita na zaidi. Hakuna tarehe iliyochapishwa inayoweza kubeba habari hiyo.

Manufaa yake yalikuwa ya pande mbili, na upande wa pili husahaulika. Kila mtu huelewa kwamba kiashiria huzuia mtoto kupewa chanjo iliyokufa. Lakini zamani, umeme ulipokatika kwa siku nzima, muuguzi mwangalifu alikuwa akitupa chanjo nyingi ambazo pengine zilikuwa bado nzuri, kwa kuwa hakuwa na ushahidi. Kiashiria kilimpa ruhusa ya kutotupa. Kilifungua pia njia ya kuruhusu chanjo fulani zitoke nje ya ubaridi kwa makusudi: mwaka 2012 chanjo ya homa ya uti wa mgongo iitwayo MenAfriVac iliidhinishwa kukaa hadi siku 4 katika joto lisilozidi nyuzi 40, na mwaka huo huo ikatumika kwa utaratibu huo nchini Benin, ambako timu za chanjo ziliweza kufika vijijini bila kubeba barafu kila siku.

Nakipenda kiashiria hiki pia kwa jambo dogo la ubunifu. Hakimtaki msomaji akumbuke rangi. Kinamtaka alinganishe weupe na weusi wa vitu viwili vilivyo pamoja. Asiyetofautisha nyekundu na kijani anaweza kukisoma, na hata chini ya taa hafifu mraba na duara vinaangazwa na mwanga ule ule. Lebo nyingi za biashara zinazotoka kijani kwenda manjano na nyekundu hazikuwafikiria watu hao.

Kina mipaka, na ulio mkubwa kuliko yote ni kwamba hakijui kuganda. Chanjo za pepopunda, za homa ya ini ya B na ile ya pamoja ya magonjwa matano huharibiwa na barafu, na kichupa kilichoganda nyuma ya friji usiku kucha kitaonyesha mraba mweupe wa kupendeza. Kwa hilo wauguzi wana njia yao ya zamani: hukitikisa kichupa kinachoshukiwa pamoja na kingine cha aina hiyo hiyo kilichogandishwa kusudi, kisha huangalia kipi kinatuama haraka. Mtu akikuambia kuna lebo moja inayoeleza kila kitu kuhusu hifadhi, muulize kuhusu barafu.

Sifa inayofanya lebo za namna hii ziaminike ni kwamba hazirudi nyuma. Tunazo rangi nyingine zinazobadilika ambazo hurudi, kama chembe za silika za samawati zinazowekwa kwenye vyombo vya kunyonya unyevu, ambazo hugeuka waridi zikishiba maji na kuwa samawati tena zikikaushwa kwa moto. Hizo hueleza hali ya sasa. Mraba wa kichupa cha chanjo ukishaiva hauwezi kuoshwa kwa barafu, na muuza dawa aliyezima friji usiku na kuiwasha alfajiri kabla ya wakaguzi kufika hawezi kuuficha usiku wake.

Kitu cha pili ambacho ningependa kukiona chini ya lebo hizi ni samaki. Wanunuzi wetu sokoni ni hodari: hutazama macho, hufungua mashavu waone wekundu, hubonyeza mnofu. Ujuzi huo ni wa kweli na sina nia ya kuubeza. Lakini jodari, nguru na vibua wakikaa kwenye joto kwa saa chache tu, bakteria huanza kutengeneza histamini katika nyama yao, ambayo haionekani, na ambayo haiondoki kwa kukaanga, kuchoma wala kupika kwa nazi. Aliyeila hupata wekundu usoni, kichwa kuuma, pengine mapigo ya moyo kwenda mbio, naye husema kwamba ana mzio wa samaki. Samaki aliyepata joto asubuhi na kutiwa barafu adhuhuri anaweza kuupita ukaguzi wa macho na wa mikono. Lebo iliyobandikwa kwenye sanduku tangu chomboni, ikasafiri naye hadi Bandari ya Kale na kutoka hapo hadi kwenye hoteli za Nyali na Diani, ingeyakumbuka yale ya asubuhi.

Nje ya nchi jambo hili si geni. Samaki mbichi aliyefungwa kwenye pakiti isiyo na hewa ana hatari ya bakteria ya botulini, ambayo aina yake moja huweza kukua hata katika nyuzi 3.3, ubaridi ambao friji nyingi za nyumbani hazifiki. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, huzikubali lebo za muda na joto zilizowekwa kwenye kila pakiti kuwa njia mojawapo ya kudhibiti hatari hiyo. Baadhi ya lebo hizo hufanya kazi kwa kimeng'enya (enzaimu): kuna vijifuko viwili, mtu hubonyeza kizuizi kilicho kati yake, vilivyomo vikachanganyika, kimeng'enya kikaanza kuvunja mafuta, asidi ikaongezeka na rangi ikatoka kijani hadi manjano. Nyingine, ziitwazo OnVu, huchajiwa kwa mwanga wa urujuanimno zikawa samawati iliyokolea, kisha hupauka taratibu kadiri muda na joto vinavyopita.

Kwa nini basi hatuzioni kwenye maduka yetu? Bei ni sababu, lakini siamini kwamba ndiyo ya kwanza, kwa kuwa chanjo zinazopewa watoto wa nchi maskini zimebeba lebo hizi kwa mabilioni. Sababu moja ni ya kiutendaji: lebo za daiasetilini huanza kuiva tangu zinapotengenezwa, kwa hiyo zenyewe lazima zihifadhiwe kwenye barafu kabla ya kubandikwa, na muuzaji asiyeweza kuhifadhi samaki vizuri hataweza kuhifadhi lebo pia. Nyingine ni kwamba lebo hupima joto la pale ilipobandikwa, ambalo si lazima liwe la katikati ya sanduku.

Sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni hasara itamwangukia nani. Kiwango cha Afrika Mashariki cha EAS 38 kinaelekeza lebo za vyakula vilivyofungwa ziwe na nini, tarehe ikiwamo, na maadamu tarehe haijapita, kila mmoja katika mnyororo, mwagizaji, msafirishaji, mwenye duka la jumla, anaweza kusema kwamba yeye amefuata taratibu. Lebo inayokumbuka joto huvunja kinga hiyo ya pamoja. Ikifika dukani imekwisha kuiva, lazima mmoja wao awe ndiye aliyeipa joto, na mazungumzo ya kumtafuta hayatakuwa mepesi. Tena mnunuzi atakayeona pakiti mbili za maziwa zenye tarehe moja na rangi mbili atachukua ile changa, na muuzaji atabaki na nyingine ambayo bado ingefaa kunywewa siku hiyo. Wenye maduka niliozungumza nao walianza na hoja hiyo kabla ya kutaja bei.

Kama ningeulizwa tuanzie wapi hapa Mombasa, nisingeanza na maziwa. Ningeanza na mfuko wa insulini unaopelekwa kwa bodaboda kutoka kwa muuzaji wa jumla hadi duka la mtaani, ambapo mpokeaji mmoja tu ndiye anayepaswa kuitazama lebo, na anayo haki ya kuukataa mzigo papo hapo. Mnyororo ni mfupi na anayewajibika anajulikana.

Kwa sasa lebo ya aina hii ambayo mkazi wa kawaida anaweza kuisoma bila gharama yoyote ni ile ya kichupa cha chanjo ya mwanawe. Mzazi ana nafasi ya kumwomba muuguzi amwonyeshe, na wauguzi wengi hufurahi kuulizwa. Inafaa tu amwombe mapema, kabla chanjo haijatayarishwa, kwa sababu kwenye chanjo za unga kama ya surua, kiashiria huwekwa kwenye kifuniko, nacho huondolewa na kutupwa mara unga unapochanganywa na maji yake; kuanzia hapo, kinachohesabiwa ni muda wa saa 6 tu au mwisho wa kliniki ya siku hiyo, lolote litakalotangulia.